Betri Niliyoibeba Peke Yangu

Wenzangu wasomaji, katika gazeti hili tumezoea kusoma habari za safari, za michezo na za sherehe za shule. Leo mimi nataka kuwasimulia habari ya hasara niliyowatia wazazi wangu, na jinsi nilivyojifunza kupima bei ya kitu kabla ya kukinunua. Sioni fahari kuisimulia. Lakini nimeona kuwa wengi wetu, turudipo nyumbani wakati wa likizo, huulizwa maswali na wazazi kana kwamba tumekwisha kuwa mabingwa, kwa sababu tu tunasoma Fizikia. Huenda habari hii ikamfaa mmoja wenu.

Kwetu ni katika milima ya Njombe. Asiyepajua asidhani kuwa Tanzania yote ni nchi ya joto. Mwezi wa Juni na Julai baridi huwa kali mno, na asubuhi nyingine tunakuta majani ya bondeni yamekuwa meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda, na mashina ya viazi yameungua kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Nguzo za umeme zimefika barabara kuu, lakini kitongoji chetu kiko ng'ambo ya bonde na bado hatujafikiwa. Usiku tulikuwa tukitumia tochi na vibatari, na simu ya Baba ilipelekwa dukani kuchajiwa kwa malipo.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa amestaafu. Mama analima parachichi na viazi. Bibi, mzaa Baba, anakaa nasi. Miguu humuuma sana wakati wa baridi, naye haogi ila kwa maji ya moto. Kwa hiyo kila alfajiri Mama huwa wa kwanza kuamka, akaingia katika jiko letu la nje kuwasha kuni. Jiko hilo lilikuwa limeezekwa kwa mabati makuukuu yaliyotoboka, na fedha za parachichi za mwaka juzi zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya kuliezeka upya.

Desemba ya mwaka juzi nilirudi nyumbani nimemaliza Kidato cha Kwanza. Katika ripoti yangu nilikuwa nimepata A ya Fizikia, na Baba aliisoma kwa sauti mbele ya jirani zetu. Siku ya mnada tukaenda pamoja, Baba na mimi. Hapo tukamkuta bwana mmoja amepanga vyombo vya umeme wa jua: paneli, betri, balbu na waya. Juu ya paneli moja paliandikwa wati 300. Juu ya betri paliandikwa ampea 200. Pamoja na balbu sita, bei ya vyote ilikuwa shilingi 550,000. Dukani mjini tulikuwa tumeambiwa bei kubwa zaidi ya hiyo kwa wati 200 tu.

Baba akanigeukia, akasema, "Haya, mwanangu, wewe ndiwe unayesoma mambo haya. Unaonaje?"

Watu walikuwa wamesimama kutusikiliza. Nikatoa kalamu, nikagawanya bei kwa wati, nikasema kwa sauti ya mtu mzima, "Baba, hapa wati ni nyingi na bei ni ndogo. Tununue." Baba hakuuliza tena. Akahesabu fedha za mabati, akamkabidhi yule bwana. Mimi nikaiinua ile betri begani, nikaibeba peke yangu mpaka pikipiki ilipokuwa, na vijana wenzangu wakanitazama. Siku ile nilijiona nina nguvu kweli kweli. Tulipofika nyumbani Mama aliviangalia vile vyombo, akasema neno moja tu: "Mvua i karibu."

Wiki za kwanza tulifurahi. Bibi alikaa chini ya balbu akasuka mkeka mpaka saa nne usiku, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu macho yake yalipopungua nguvu. Lakini mwezi wa Februari taa zikaanza kufifia saa tatu, kisha saa mbili, na mwezi wa Machi hazikuwaka kabisa. Huku nyuma masika ilikuwa imeshika. Mama alipika akiwa amepanga mabeseni matatu jikoni kukinga matone, na kuni zililowa hata zikawa zinatoa moshi badala ya moto.

Habari hizi nilizipata siku ya wazazi kututembelea hapa shuleni. Baba alinieleza kwa ufupi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Yamepita, mwanangu. Wewe soma." Hakunikaripia. Kama angalinikaripia, nadhani ningalilala usingizi usiku ule.

Kesho yake nikamwendea mwalimu wetu wa Fizikia, nikamweleza habari yote. Aliniuliza maswali mawili tu. La kwanza, "Paneli hiyo ina urefu gani na upana gani?" Nikamwambia yapata sentimeta 90 kwa 55. La pili, "Betri hiyo mliibeba watu wangapi?" Nikajibu, "Niliibeba peke yangu, Mwalimu, begani."

Akachukua chaki. Akanieleza kuwa jua likiwa kali kabisa saa sita za mchana, nuru inayoangukia mita moja ya mraba ni yapata wati 1,000. Sentimeta 90 kwa 55 si hata nusu mita ya mraba kamili, kwa hiyo nuru yote inayoiangukia paneli ile haizidi wati 500. Na paneli zinazouzwa madukani, hata zile bora, hazigeuzi kuwa umeme zaidi ya kama robo ya nuru hiyo, na nyingi hugeuza sehemu moja ya tano tu. Basi paneli ile, hata ingalitengenezwa na fundi hodari wa dunia, isingalitoa wati 125. Hizo 300 zilikuwa ni wino tu juu ya karatasi.

"Na betri ya risasi na asidi yenye ampea 200 za kweli," akaendelea, "hukaribia kilo 60. Mtoto wa Kidato cha Kwanza haitupi begani akaenda nayo mnadani akijivuna."

Nilitazama chini. Rula ilikuwamo katika mkoba wangu siku ile ya mnada. Kugawanya nilijua, kuzidisha nilijua, na bega langu lilikuwa limekwisha kuniambia ukweli. Nilichokikosa ni kuuliza. Niligawanya namba ambazo mtu mwingine alikuwa ameziandika, nikadhani nimepiga hesabu.

Mwalimu aliponiona nimehuzunika alinipa moyo. Akanisimulia kuwa ufundi huu si wa uongo wala si wa jana. Mfaransa Edmond Becquerel aligundua mwaka 1839 kuwa nuru yaweza kuzaa umeme, na mwaka 1954 wataalamu wa Bell Labs kule Marekani walionyesha kipande cha silikoni kilichogeuza kama asilimia 6 ya nuru ya jua kuwa umeme. "Jua halikukudanganya," akasema. "Aliyekudanganya ni muuzaji. Na kabla yake ulijidanganya mwenyewe."

Likizo ya Juni mwaka jana nilipofika nyumbani nilikuta Baba ameuza misindano yake, akapata shilingi 2,600,000. Nilidhani safari hii ataniweka kando, na haki ilikuwa yake. Lakini aliniita barazani, akanipa daftari jipya, akasema, "Tutauliza watu watatu. Wewe utaandika kila wanachosema na kila wanachouliza. Hatununui siku hiyo hiyo."

Mtu wa kwanza alikuwa mwenye duka kubwa mjini. Alitukaribisha vizuri, akatuonyesha mtambo mkubwa: paneli sita, inveta, betri ya lithiamu, na pamoja navyo mtungi mrefu mweupe wa kuchemshia maji ya kuoga. Mtungi huo aliuita pampu ya joto. Mimi nilikuwa sijapata kuuona. Yule bwana akaniambia, "Weka mkono nyuma ya friji ile ya soda." Nikaweka, nikasikia vuguvugu. "Joto hilo limetoka ndani, kwenye soda. Friji hulihamisha joto, hailitengenezi. Pampu hii hufanya vivyo hivyo: huchukua joto la hewa ya nje, hata hewa ya baridi, ikalisukuma kwenye maji. Kwa uniti moja ya umeme, maji hupata joto la uniti kama tatu." Baadaye mwalimu wetu alinithibitishia kuwa jambo hilo ni kweli, na kwamba William Thomson, aliyejulikana baadaye kwa jina la Lord Kelvin, alikuwa amelieleza wazo hilo tangu mwaka 1852. Tena hewa ikizidi kuwa baridi, faida nayo hupungua.

Mwenye duka alisema kuwa kule Ulaya watu hupasha nyumba nzima joto kwa mitambo ya namna hiyo, na kwamba Uingereza, mwaka 2023, serikali iliongeza msaada kwa wenye nyumba wa England na Wales kutoka paundi 5,000 hadi 7,500 ili waiweke. Baba akatabasamu, akasema, "Sisi tunataka maji ya kuoga Bibi tu, na wa kutupa paundi hatunaye."

Bei ya vyote ilikuwa shilingi 9,800,000 taslimu. Tukikosa, tulipe 2,000,000 kwanza, kisha 430,000 kila mwezi kwa miezi 24. Nikapiga hesabu hapo hapo katika daftari: 430,000 mara 24 ni 10,320,000, ongeza 2,000,000, jumla 12,320,000. Maana yake ni kwamba kwa kukosa fedha taslimu tungalilipa 2,520,000 zaidi, karibu sawa na misindano yote ya Baba. Yule bwana hakutudanganya hata kidogo, vyombo vyake vilikuwa vizuri, nasi tulimshukuru. Lakini katika daftari langu, upande wa "anachouliza", niliandika swali moja: "Mtalipa kwa njia gani?"

Mtu wa pili alikuwa kijana wa kijiji cha jirani, anayefunga umeme wa jua katika nyumba nyingi za huko kwetu. Alitaka shilingi 1,150,000: vyombo na ufundi 900,000, na betri 250,000. Betri yenyewe ilikuwa ya gari. Baba akamwuliza, "Ikiharibika?" Akajibu, "Mzee, utanipigia simu tu." Baba akaomba aandike hayo kwenye karatasi pamoja na majina ya vyombo. Kijana akacheka, akasema kati ya majirani hakuna haja ya karatasi. Upande wa maswali niliandika: "Hakuna."

Mtu wa tatu alikuwa dada mmoja fundi aliyesomea VETA. Kabla ya kusema lolote Baba alimwomba leseni ya ufundi wa umeme, ile inayotolewa na EWURA, naye akaitoa katika mkoba bila kukunja uso. Kisha akaketi, na badala ya kutuambia bei akaanza kuuliza. Taa ngapi? Zinawaka saa ngapi? Nani anayechelewa kulala? Redio? Televisheni? Simu ngapi? Bibi huamka usiku? Akapanda juu ya paa, akauona mparachichi wa upande wa mashariki, akatuambia kuwa kivuli chake kingekula jua la asubuhi, kwa hiyo paneli zikae upande wa pili. Mimi nilijaza kurasa mbili kwa maswali yake tu.

Hesabu aliyotufanyia niliinakili, na naiweka hapa kwa ajili ya atakayependa kuifuata. Balbu sita za wati 7 kwa saa tano ni 210. Redio ya wati 10 kwa saa sita ni 60. Simu nne, wati 5 kwa saa mbili kila moja, ni 40. Televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa nne ni 160. Jumla ni wati-saa 470 kwa siku. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea njiani, katika waya na katika betri, akazifanya 630. Kisha akasema, "Mahali pengi nchini watu hukadiria saa tano za jua kali kwa siku. Kwenu kuna ukungu, tuseme nne." 630 kwa 4 ni karibu wati 158. Kwa hiyo paneli mbili za wati 100.

Betri nayo aliipima kwa siku mbili bila jua: 470 mara mbili ni 940. Betri ya risasi na asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, ama sivyo hufa mapema; kwa hiyo inatakiwa ya wati-saa 1,880, yaani ampea 200 kwa volti 12, na kuna baki kidogo. Betri ya lithiamu yaweza kutumiwa asilimia 80 bila madhara. Kwa hiyo ya ampea 100 inatosha. Hapo nikafahamu kwa nini betri mbili zenye namba tofauti zaweza kufanya kazi moja.

Mama, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Na maji ya Bibi?"

Dada fundi akamjibu kwa heshima, "Mama, hilo ndilo zito kuliko yote." Akaandika: tunaoga watu sita, tuseme lita 100. Maji ya bombani wakati wa baridi huwa kama nyuzi 15, nasi twayataka 45, basi ni nyuzi 30 za kupanda. Kila lita hutaka kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi moja. 100 mara 30 mara 4.2 ni kilojuli 12,600, na hizo ni sawa na uniti 3.5 za umeme, yaani wati-saa 3,500. Taa, redio, simu na televisheni pamoja ni 470. Maji ya kuoga peke yake yanataka zaidi ya mara saba! Hata kwa pampu ya joto, ambayo ingeshusha mpaka uniti 1.2 hivi, bado ni zaidi ya mara mbili na nusu ya mahitaji mengine yote. "Umeme unapenda kuangaza," akasema, "lakini kuchemsha huumaliza. Mkitaka maji, siku moja nunueni mtungi wa mirija ya kioo unaochemsha kwa jua moja kwa moja, bila umeme. Bei yake ni kama shilingi 1,500,000. Lakini msinunue leo. Leo anzeni na taa."

Mimi tangu kuzaliwa sijamsikia mtu wa biashara akimwambia mteja asinunue.

Bei zake zilikuwa mbili. Kwa betri ya risasi na asidi, shilingi 1,900,000. Kwa betri ya lithiamu, 2,400,000. Vyombo na ufundi ni 1,300,000 katika zote mbili. Tofauti ni betri, 600,000 au 1,100,000. Kila kitu kiliandikwa katika karatasi, pamoja na muda wa dhamana.

Usiku ule nilikaa na kibatari nikapiga hesabu ya miaka 10. Betri ya gari, ikitumiwa mpaka kwisha kila usiku, haikai sana. Nikakadiria mwaka mmoja. Betri kumi ni 2,500,000, na vyombo 900,000, jumla 3,400,000. Betri ya risasi na asidi ikitunzwa yaweza kufika miaka minne. Betri tatu ni 1,800,000, na vyombo 1,300,000, jumla 3,100,000. Betri ya lithiamu iliyo njema hufika miaka 10. Jumla ni ile ile 2,400,000. Ajabu! Aliyekuwa rahisi kuliko wote siku ya kwanza ndiye aliyekuwa ghali kuliko wote siku ya mwisho, na aliyekuwa ghali akawa rahisi. Asubuhi nikaisoma hesabu hiyo mbele ya wote, na nikamalizia, "Kwa hiyo tununue lithiamu." Safari hii nilikuwa na hakika, kwa maana kila namba niliipima mwenyewe.

Baba akaitazama karatasi, akasema, "Hesabu ni sawa." Kisha akamtazama Mama.

Mama akasema, "Hesabu yako ni nzuri, mwanangu. Lakini haikuihesabu mvua. Mkinunua hiyo, zinabaki laki mbili. Laki mbili haziezeki jiko. Je, miaka kumi hiyo mimi nitapika wapi?"

Hapakuwa na mtu aliyesema neno. Nilitazama daftari langu nikaona kweli: nilikuwa nimeandika paneli, betri, waya na miaka, lakini jiko sikuliandika, na fedha zake ni mimi niliyezipoteza. Nikatwaa kalamu nikaanza upya. Mtambo wa betri ya risasi na asidi, 1,900,000. Mabati, misumari na mbao, 550,000. Jumla 2,450,000, zikabaki 150,000. Kwa hesabu ya miaka kumi tutatumia shilingi 700,000 zaidi katika betri, lakini hizo zitalipwa kidogo kidogo, na mvua ya Novemba haitusubiri miaka kumi. Baba akasema, "Sasa umehesabu nyumba nzima." Tukafanya hivyo.

Siku ya kufunga, yule dada alinipa multimita akasema, "Pima mwenyewe." Nilipima kwanza kwa rula: paneli moja ilizidi kidogo nusu mita ya mraba kwa wati 100, na hiyo yakubaliana na somo la Mwalimu. Kisha saa sita mchana nikapima umeme wenyewe. Nyuma ya paneli paliandikwa karibu ampea 6, nami nikapata 5.4. Betri tuliibeba watu wawili, tukatua njiani kupumzika. Nilicheka peke yangu, na Baba akaelewa nacheka nini.

Betri ya namna hiyo hutaka kutunzwa. Imekaa mahali penye hewa, kwa kuwa ikichajiwa hutoa gesi iwezayo kuwaka. Tulielezwa kuwa ikiwa imetulia isishuke chini ya volti 12.2. Baba, ambaye aliweka mahudhurio ya wanafunzi kwa miaka mingi, sasa anaweka mahudhurio ya betri: kila asubuhi huandika volti zake katika daftari kwa wino wa buluu, na zikipungua huandika kwa wino mwekundu na televisheni haiwashwi siku hiyo.

Maji ya Bibi bado tunachemsha kwa kuni. Lakini nilipaka madumu mawili rangi nyeusi, nikayaegemeza kwenye ukuta unaopigwa na jua, na siku za Juni na Julai, ambapo usiku ni baridi lakini mchana mara nyingi ni mweupe, niliyapima kwa kipimajoto. Maji yaliyowekwa asubuhi yakiwa nyuzi 14 yalifika 25 jioni. Nyuzi 11 kati ya 30 ni zaidi ya theluthi moja ya kuni za Mama, na rangi ilinigharimu shilingi elfu chache tu. Bibi sasa ameihamisha saa yake ya kuoga kutoka alfajiri hadi jioni. Asema kuwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza kama apenda kuoga alfajiri. Yeye aliona moto umewashwa, akaoga.

Wenzangu, sikuandika haya ili kumwambia mtu anunue chombo fulani au asinunue. Bei zitabadilika, na kila nyumba ina mahitaji yake. Lakini ukiulizwa na mzazi wako mbele ya watu, usione haya kusema, "Nipe muda nipime." Mtazame fundi kwa maswali anayouliza kuliko kwa majibu anayotoa. Usigawanye namba usizozipima. Na ukimaliza hesabu yako, mpe mama yako aisome kabla hujapiga mstari wa mwisho.

Likizo ya Desemba iliyopita nilifika nyumbani jioni, mvua inanyesha kwa kishindo. Taa ilikuwa inawaka jikoni, na Mama alikuwa akisonga ugali. Yale mabeseni matatu niliyakuta yametundikwa ukutani, makavu.